Gemu za vita za bure: ipi iko karibu na uhalisia, na ipi inakufaa wewe

Ukitafuta gemu ya vita ya bure inayojiita "halisi", utaletewa orodha ndefu, na karibu zote zina picha ile ile ya kujitangaza: askari mwenye kofia ya chuma, vumbi, helikopta nyuma yake. Picha hiyo haikusaidii kuchagua. Gemu mbili zinaweza kukupa bunduki ile ile ya M4. Katika moja utauawa kwa risasi iliyotoka kwenye kichaka ambacho hukukitilia shaka. Katika nyingine utaruka, utaudunda ukuta kwa mguu, na kabla hujatua chini umeshammiminia mwenzako nusu ya magazini. Zote za bure, zote za kijeshi.

Ninazolinganisha hapa ni Project Reality, Enlisted, Delta Force, Counter-Strike 2, Urban Terror na AssaultCube. Nimeiongeza America's Army ingawa seva zake rasmi, yaani kompyuta zilizowaunganisha wachezaji, zimeshazimwa, kwa sababu ndiyo iliyowaonyesha wengi jinsi gemu ya bure inavyoweza kutengenezwa kwa umakini. Upande wangu siufichi: kwa mtu anayetaka uhalisia bila kutoa hela, Project Reality inaziacha nyingine mbali. Lakini wapo ambao nisingewashauri hata kuipakua, na nao nitawatafutia pa kwenda.

Uhalisia unakaa wapi

Picha ndiyo kitu cha mwisho cha kuangalia. Mwaka 2011 kituo cha ITV cha Uingereza kilirusha, ndani ya kipindi cha uchunguzi, kipande cha video kilichodaiwa kuwaonyesha wapiganaji wa IRA, kundi la Ireland lililopigana na Uingereza, wakiitungua helikopta mwaka 1988. Kumbe kilitoka kwenye gemu, Arma 2. Tangu hapo vipande vya mrithi wake, Arma 3, vimekuwa vikisambazwa mitandaoni kama picha za vita vya kweli, mpaka watengenezaji wenyewe wakalazimika kutoa tamko mwaka 2022. Kwa hiyo gemu kupendeza machoni si ushahidi wa chochote.

Anza na risasi. Kompyuta ina njia mbili za kuihesabu. Ya kwanza: ukibonyeza kipanya, inachorwa mstari ulionyooka kutoka kwako, na chochote kilicho kwenye mstari huo kimepigwa papo hapo. Ya pili: risasi ni kitu kinachosafiri, kina kasi yake, na kinavutwa chini kama kitu chochote. Chukua risasi inayotoka mtutuni kwa mita 900 kwa sekunde, na adui aliye mita 300. Hata ukiuweka kando upinzani wa hewa, itachukua theluthi ya sekunde kufika, na muda huo itakuwa imeshuka zaidi ya nusu mita kutoka kwenye mstari wa mtutu. Adui anayekimbia mita 5 kwa sekunde atakuwa ameshasogea zaidi ya mita moja na nusu. Ukimlenga kifuani, umepiga hewa nyuma yake. Katika gemu ya njia ya kwanza mtu huyo amekufa.

Kisha mwili. Kuna gemu ambazo ukijificha nyuma ya ukuta sekunde chache damu inarudi yenyewe, na kuna ambazo utaendelea kuvuja mpaka ufungwe bendeji. Tofauti hii utaiona dakika kumi za kwanza, sitaikalia.

Linalobeba uzito kuliko yote ni bei ya kufa. Mahesabu ya risasi yawe mazuri vipi, kama ukifa unarudi baada ya sekunde tatu, nyuma ya nyumba ile ile, hakuna atakayejificha. Kila mtu atakimbia wazi huku akifyatua, kwa sababu hana cha kupoteza. Mfanye asubiri, au atembee upya kilomita nzima, au apoteze alichobeba, na utashangaa jinsi watu wale wale wanavyoanza kutambaa, kuulizana "umemwona?" na kumngojea tabibu. Tabia ya askari haiwi kwenye kadi ya picha ya kompyuta. Inatoka kwenye hofu ndogo ya kupoteza kitu. Kigezo hiki ndicho nitakachokitumia kuzipima zote.

Zilikotoka

Mwaka 1996 wanamaji wa vita wa Marekani waliichukua gemu ya Doom II, wakaibadilisha iwe ya askari wanne wanaosonga kwa ushirikiano, wakaitumia mazoezini. Mwaka 1998 ikaja Rainbow Six, ambayo ilikulazimisha kupanga uvamizi kwenye ramani kabla ya kugusa bunduki, na risasi moja ilitosha kukumaliza. Mwaka huo huo NovaLogic walitoa Delta Force ya kwanza, yenye maeneo mapana ya kupigana kwa mbali wakati gemu nyingi zilikuwa bado zimefungiwa vyumbani. Halafu mwaka 2001 Bohemia Interactive wa Jamhuri ya Cheki wakatoa Operation Flashpoint: visiwa vizima, hakuna barabara ya kuongozwa, na unaweza kutembea dakika nyingi kwenda kwenye mapambano ukafa bila kumwona aliyekupiga. Katika ukoo huo ndimo ilimozaliwa Arma, na pia VBS, programu ya mafunzo inayotumiwa na majeshi ya nchi mbalimbali.

Gemu hizo ziliuzwa na zinauzwa, ndiyo maana Arma haimo kwenye ulinganisho huu. Mawazo yake, hata hivyo, yaliwafikia watu bure kupitia modi, yaani gemu ambazo mashabiki huzijenga juu ya gemu ya kampuni. Counter-Strike ilianza hivyo mwaka 1999 juu ya Half-Life. Insurgency ilianza hivyo. Red Orchestra ilianza hivyo, ikashinda shindano la modi, na mwaka 2006 ikauzwa kama gemu kamili. Mkondo umekuwa huo karibu kila mara: vijana wanajitolea, modi inapendwa, kampuni inaundwa, bei inawekwa. Mimi sioni kosa katika hilo, watu wanakula. Ila ukitaka kujua kwa nini gemu halisi za bure ni chache, sababu kubwa ni kwamba zilizokuwa nzuri zilihamia dukani.

America's Army na Project Reality: bure mbili zisizofanana

Hizi mbili hazikuwa na duka ndani yake. Huwezi kununua bunduki, rangi ya bunduki wala cheo. Tofauti yake ni aliyelipa.

America's Army ililipiwa na jeshi la nchi kavu la Marekani. Wazo lilikuwa la Kanali Casey Wardynski, kazi ikafanyika katika chuo cha uzamili cha jeshi la majini kule Monterey, California, kwa injini ya Unreal, yaani programu ya msingi ya kujengea gemu, na gemu ikatoka tarehe 4 Julai 2002. Shabaha ilikuwa wazi: kuwafikia vijana wanaoweza kujiandikisha jeshini. Kwa ajili hiyo walikuwa wakali kwenye mambo ambayo kampuni ya biashara ingeyaruka. Kabla ya kuingia vitani ulipitishwa uwanja wa shabaha. Ukitaka kuwa tabibu ulikaa darasani, ukasikiliza somo la huduma ya kwanza, ukafanya mtihani; ukifeli, hupewi mkoba. Jeshi lilikuja kutangaza habari za mchezaji aliyewasaidia majeruhi wa ajali ya barabarani kwa yale aliyoyasikia kwenye somo hilo, na bila shaka lilifurahi kuitangaza. Ukimuua mwenzako mara kwa mara, ulijikuta umekaa kwenye seli ya gereza la Leavenworth huku kinanda cha mdomo kikilia polepole.

Ukifa ulisubiri raundi iishe, kwa hiyo bei ya kufa ilikuwepo. Uongo wake ulikuwa kwingine. Kila upande ulijiona kuwa ndio jeshi la Marekani, na wale wa ng'ambo ndio waliovalishwa sura ya adui. Katika miaka yote ya gemu hiyo hakuna mchezaji aliyewahi kujiona yuko upande mwingine. Msanii Joseph DeLappe alilishika jambo hili kwa namna yake kuanzia mwaka 2006: aliingia kwenye seva, akatupa bunduki chini, akaanza kuandika kwenye sehemu ya maongezi majina ya askari wa Marekani waliokufa Iraki, umri wao na tarehe walizokufa. Wachezaji wengine walimpiga risasi akaendelea kuandika.

Tarehe 5 Mei 2022 seva rasmi zilizimwa. Aliyelipa aliamua imetosha, na ikawa hivyo.

Project Reality ilianza 2005 kama modi ya Battlefield 2, ikatengenezwa na watu wanaojitolea, na tangu 2015 unaipakua ikiwa kamili, bila kuhitaji kuwa na Battlefield 2. Fikiria Battlefield 2 yenyewe ilipoteza mfumo wake wa seva mwaka 2014 ilipofungwa GameSpy, huduma iliyowaunganisha wachezaji mtandaoni. Modi ikaishi kuliko mzazi wake. Baadhi ya watu wake waliondoka kwenda kuijenga Squad, ambayo inauzwa. Project Reality ikabaki pale pale.

Ngoja nikuonyeshe inavyochezeka. Unaingia upande wenye watu hadi 50, dhidi ya 50 wengine, kwenye ramani ambayo yaweza kufika kilomita 4 kwa 4. Huchezi peke yako: unajiunga na kikosi cha watu wasiozidi wanane chenye kiongozi, na usipokuwa kwenye kikosi hupewi vifaa vya maana. Katikati ya skrini hakuna alama ya kulengea. Ukiinua bunduki na kufyatua hapo hapo, risasi zinatawanyika. Inabidi ulale au upige goti, utulie sekunde chache, ndipo mtutu unyooke. Umefyatua, mtu kule mbali ameanguka. Umemuua? Hakuna maandishi ya kukuambia. Labda amelala tu, labda mwenzake anamburuta. Sauti za wachezaji zinatoka mahali walipo: aliye jirani unamsikia sikio la kushoto, aliyevuka barabara humsikii kabisa mpaka kiongozi atumie redio. Ukipigwa unaanguka, skrini inafifia, na unasubiri tabibu. Asipofika, unasubiri tena kurudi, na unarudi kwenye ngome ya mbele ambayo wenzako waliijenga kwa koleo na vifaa vilivyoletwa na lori. Lori likilipuliwa njiani, hakuna ngome, na kikosi kizima kinarudi kuanzia kambi kuu.

Hapo ndipo bei ya kufa inapokuwa ya watu wote. Dereva wa lori ambaye hakufyatua risasi hata moja anaweza kuwa ndiye aliyeshinda vita. Sijaona gemu nyingine ya bure inayoweza kusema hivyo kwa dhati.

Kasoro zake nazitaja bila aibu. Sura yake ni ya 2005 hata wakiipaka rangi mara ngapi. Ni ya Windows. Seva zilizojaa ni chache, na saa nyingine utakuta moja tu yenye watu. Maelekezo ni marefu, na anayeingia bila kuyasoma atatembea robo saa, atapigwa, na atafunga kompyuta akilaani. Bila maikrofoni, na bila Kiingereza cha kueleweka, utakuwa mzigo kwa kikosi. Kama muda wako ni dakika ishirini kabla ya kulala, iache.

Enlisted na Delta Force: bure yenye duka

Zote mbili ni za kisasa, zinapendeza, zina wachezaji wengi, na zinaendeshwa na kampuni zinazotaka ununue kitu. Lakini zinadanganya mahali tofauti.

Enlisted ya Darkflow Software, inayotolewa na Gaijin, ilifunguliwa kwa wote mwaka 2021 na inahusu Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Huna mwili mmoja. Una kikosi kizima. Wewe unamwendesha askari mmoja, wengine wanaendeshwa na kompyuta, na ukifa unarukia mwili wa mwingine hapo hapo. Risasi zake ni za kusafiri na mara nyingi moja au mbili zinatosha. Bunduki za kukoki kila baada ya risasi zinakulazimisha kufikiri kabla ya kubonyeza. Kwa upande wa risasi, basi, inafanya vizuri. Kwa bei ya kufa, inafanya vibaya kwa makusudi: askari wako ni akiba, unawatumia mmoja mmoja kama njiti za kiberiti. Ajabu ni kwamba matokeo yake yanafanana kidogo na vita ile, ambamo makamanda waliwatupa watu hivyo hivyo, ingawa sidhani kama ndiyo iliyokuwa nia. Duka lake linauza vikosi vya kulipia, na asiyelipa atacheza sana kabla ya kuzifikia bunduki bora. Inachezeka bila kusema neno na mtu, na ipo kwenye PlayStation na Xbox pia.

Delta Force imerithi jina la ile ya 1998 lakini haina damu yake. Imetengenezwa na Team Jade, chini ya TiMi, studio ya kampuni ya Kichina ya Tencent, na ilifunguliwa kwenye kompyuta Desemba 2024, kisha kwenye simu mwaka 2025. Upande wake wa vita vikubwa, 32 kwa 32 na vifaru juu, usiuite halisi: kila mpiganaji ana uwezo wake maalumu, na wanaokufa wanarudi mara moja. Upande wa pili ni habari nyingine. Unaingia na silaha na fulana yako ya kuzuia risasi, unaokota mali, na lazima utoke hai kupitia njia maalumu. Ukifa, ulichobeba kimekwenda. Ghafla watu wale wale waliokuwa wakikimbia kama wehu wanachungulia milango. Kwa hiyo ukiipakua, ruka huo upande wa kwanza.

Jambo moja la kujua kabla ya kuiweka: programu yake ya kuzuia udanganyifu inaingia ndani kabisa ya mfumo wa kompyuta, chini ya ngazi ya programu za kawaida. Gemu nyingi za mashindano za sasa zinafanya hivyo, na inasaidia kweli dhidi ya wadanganyifu. Lakini kama kompyuta hiyo ndiyo unayofanyia kazi za ofisi na benki, jiulize kama unataka kuipa gemu funguo hizo.

Counter-Strike 2, kwa ufupi

Inatajwa kila mara, kwa hiyo niiseme. Toleo lililotangulia, Counter-Strike: Global Offensive, lilifanywa bure Desemba 2018, na hili likachukua nafasi yake Septemba 2023. Risasi zake ni za mstari wa papo hapo. Bunduki inavyoruka ukifyatua mfululizo inafuata mchoro usiobadilika ambao watu huukariri mpaka mkono unajua wenyewe. Ukifa unasubiri raundi iishe, na hilo ndilo linaloipa ule ukimya wa mtu kusikiliza nyayo. Ni gemu bora ya mashindano, pengine bora kuliko zote hapa. Uhalisia haina na haikuutaka. Andaa nafasi ya GB 85 kwenye diski.

Kompyuta ikiwa dhaifu

Hapa uhalisia unapungua na unachopata ni gemu inayofunguka. Urban Terror ilianza mwaka 2000 kama modi ya Quake III, na baada ya id Software, watengenezaji wa Quake III, kuachia msimbo wa injini yake mwaka 2005 ikaweza kusimama yenyewe. Ndiyo ile ya kudunda ukutani. Lakini imeweka jambo moja zuri: ukipigwa mguuni unachechemea na kuvuja damu, na lazima utafute pembe ya kujifunga bendeji huku pumzi ikikuishia. Mapambano yanabadilika kwa sababu ya sekunde hizo.

AssaultCube, iliyotoka mwaka 2006, ni ndogo kuliko zote: karibu MB 50, na inaendeshwa hata na kompyuta ambayo watu wamekata tamaa nayo. Ramani zake ni finyu na mapigano ni ya haraka, kwa hiyo kijeshi imebaki nayo majina ya bunduki tu. Ninachoipendea ni kitu kingine: ndani yake mna chombo cha kujenga ramani, na watu kadhaa wanaweza kuingia seva moja na kuijenga pamoja, huyu akiinua ukuta, yule akichimba handaki, wakati huo huo. Mtu anayetaka kujua gemu hizi zinatengenezwaje atajifunza mengi humo kuliko kwa kutazama video. Na zote mbili zinachezeka kwenye Linux.

Basi uchukue ipi

Mwenye kompyuta ya wastani, maikrofoni na jioni nzima: Project Reality. Mwenye kompyuta nzuri asiyependa kuongea na wageni: Enlisted, na usinunue chochote mwezi wa kwanza. Anayetaka moyo umdunde akiwa na wenzake wawili anaowajua: upande wa kuokota na kutoroka wa Delta Force. Anayependa kushindana na kupanda daraja asijisumbue na haya yote, Counter-Strike 2 inamngoja. Mwenye mashine ya zamani ajaribu Urban Terror kwanza, AssaultCube ikigoma hiyo.

Na ukichagua Project Reality, siku ya kwanza usiingie kwenye vita moja kwa moja. Fungua mazoezi ya nje ya mtandao, jifunze kuingia kwenye gari, kuomba vifaa na kufunga jeraha. Kisha ingia kwenye seva, tafuta kikosi cha askari wa miguu ambacho kiongozi wake anaongea, na umwambie mapema kwamba wewe ni mgeni. Wengi watakupokea vizuri. Omba vifaa vya askari wa kawaida au vya tabibu. Bunduki ya mdunguzi iache, kifaru kiache, na helikopta usiiguse mpaka umejifunza kuirusha ukiwa peke yako, kwa sababu nyuma yako watakuwa wamekaa watu saba waliosubiri dakika kumi kupata usafiri.